Sheikh ameisoma, lakini hakuielewa: daftari la bibi na lugha ya Kibushi

*Swali: Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Kani-Kéli, kusini mwa kisiwa cha Mayotte, katika visiwa vya Komoro. Aliolewa na baharia wa Unguja, wakaja kuishi Tanga, na huku ndiko alikofia nikiwa darasa la sita. Nyumbani alisema Kiswahili, ila akikutana na mdogo wake wa kike walisema lugha tuliyoambiwa ni Kibushi, na sisi watoto hatukuambulia kitu. Ameacha daftari la kurasa arubaini na kitu, lote kwa herufi za Kiarabu. Nilimpelekea sheikh wa mtaani kwetu. Alilisoma bila kukwama, halafu akasema si Kiarabu wala Kiswahili, na haelewi hata neno moja. Nilinukuu alivyotamka mistari ya ukurasa mmoja: "faari tiilu", "akuuhu diimi", "faari fiitu", na mbele ya kila mstari kuna jina la mtu. Mjomba anasema hizo ni azima, nilichome moto. Binamu yangu aliyeko Marseille anasema Kibushi ni lahaja tu ya Kikomoro na hakijawahi kuwa na maandishi. Yeye huniandikia kwa herufi za Kifaransa. Yule mdogo wake bibi bado yu hai huko Mayotte, lakini hajui kusoma. Je, daftari hili ni la lugha gani? Na nikitaka wanangu waonje lugha ya bibi, niwafundishe kwa herufi zipi?*

Kwanza kabisa, usilichome. Lifunge kwa kitambaa safi cha pamba, liweke mahali pakavu pasipofikiwa na jua wala mende, kisha tuzungumze.

Nadhani kinachokusumbua ni kwamba umeambiwa mambo mawili yanayogongana: mjomba anakwambia umeshika kitu cha hatari, na binamu anakwambia hujashika kitu. Sikubaliani na yeyote kati yao. Kwa hicho kipande kidogo ulichoninukulia, nina hakika kubwa kwamba umeshika orodha ya mchele na kuku.

Nitakuonyesha nilivyofika hapo, kwa sababu njia yenyewe ndiyo itakayokusaidia kuzisoma kurasa zilizobaki bila mimi.

Tuanze na hesabu, maana namba ndizo zinazoumbua lugha haraka kuliko kitu chochote. Kwa Kibushi tatu ni *telu*, tano ni *dimi*, saba ni *fitu*, nane ni *valu*. Sasa ondoka Mayotte uvuke Bahari ya Hindi nzima mpaka Java, ambako wazee wanahesabu *telu, lima, pitu, wolu*. Endelea mashariki mpaka New Zealand kwa Wamaori: *toru, rima, whitu, waru*. Hiyo ni familia moja ya lugha, inaitwa Kiaustronesia, na imetandaa kutoka Madagaska hadi Kisiwa cha Pasaka upande wa pili wa dunia. Hiyo *dimi* isikutie shaka. Katika Kimalagasi, lugha ya Madagaska ambayo Kibushi ni tawi lake, *l* ya zamani iliyokuwa mbele ya *i* iligeuka *d*, kwa hiyo *lima* ikawa *dimy*. Sisi wenyewe tunasema ulimi mmoja, ndimi mbili, wala hatushtuki.

Kwa hiyo "tiilu" ya sheikh ni *telu*, tatu. "Diimi" ni tano. "Fiitu" ni saba. Yaliyobaki ni majina ya vitu vilivyohesabiwa. "Akuuhu" ni kuku. Wamalagasi huandika *akoho*, na hizo *o* zao husomwa *u*. "Faari" nitaieleza baadaye kidogo, maana ndipo penye utamu, ila ni *vari*: mpunga, mchele na wali kwa pamoja. Sisi tuna majina matatu, wao wanalo moja. Zingatia pia kwamba namba imekuja baada ya jina, kama sisi tusemavyo kuku watano.

Ukurasa wako basi unasema: fulani, mchele tatu, fulani, kuku watano, fulani, mchele saba. Huko Mayotte wanawake wana vikundi vyao vya kuchangiana kwa zamu, wanaviita *shikoa*. Kama Tanga bado kuna mama mtu mzima anayelikumbuka neno kikoa, la watu kulishana kwa zamu, atakwambia ni kitu kile kile. Sijaliona daftari, siwezi kuapa. Lakini majina, vyakula na hesabu kwenye mistari iliyonyooka hunielekeza kwenye mchango wa shughuli, harusi pengine. Azima haina kuku watano mbele ya jina la jirani.

Hofu ya mjomba wako naielewa ilikotoka. Kiswahili cha zamani kiliiita Madagaska *Buki*, na kwenda huko ni kwenda *Bukini*. Unguja hadi leo kuna ngoma ya kibuki, ya mashetani wanaosemekana kutoka Bukini kupitia visiwa vya Ngazija, na wanasifika kwa kupenda brandi. Mtu aliyekulia pwani akisikia neno linalofanana na Kibuki, mwili humsisimka kabla akili haijafika. Na ni neno moja kweli. Penye *ki* yetu, ndugu zetu wa Komoro mara nyingi wana *shi*. Kikoa chetu ni shikoa chao, na hata chuoni, tunakojifunza Kurani, kwao ni *shioni*. Buki ikawa Bushi. Waswahili wangeiita lugha ya bibi yako Kibuki, majirani zake wa Mayotte wanaiita Shibushi, na wenyewe wanaiita Kibushi. Yaani lugha iliyotoka upande wa Borneo inatembea na kiambishi cha Kibantu kwenye jina lake, kama mgeni aliyekaa mpaka akapewa jina la ukoo.

Hapo ndipo alipoteleza binamu yako. Mayotte ina lugha mbili za wenyeji. Ya kwanza, yenye wasemaji wengi zaidi, ni Shimaore, na hiyo kweli ni ya jamii ya Kikomoro, ni Kibantu, ndugu wa damu wa Kiswahili. Ukikaa na Mmaore nusu saa utaanza kuokota maneno. Ya pili ni Kibushi, na hiyo ni tawi la Kimalagasi. Utafiti uliomfanya mwanaisimu Otto Christian Dahl ajulikane, uliochapishwa 1951, ulikilinganisha Kimalagasi na Kima'anyan cha kusini mwa Borneo na kuonyesha jinsi zinavyofanana. Lugha hizi hazina ngeli kama zetu. Katika Kimalagasi sanifu sentensi huanza na kitendo: *mihinana vary ny zaza*, "anakula wali mtoto", na mwenye kula anakuja mwisho.

Lakini usimcheke binamu. Watu wa lugha hizi mbili wameishi kijiji kwa kijiji kwa karne nyingi, wanaswali pamoja, wanaoana, na maneno yamehama huku na huku. Kuku wa bibi yako ni ushahidi. *Akoho* ni neno la Kibantu, ni kuku wetu huyu huyu aliyevuka mkondo wa Msumbiji. Mbwa akawa *amboa*, ng'ombe akawa *omby*, punda akawa *ampondra*, kanga akabaki *akanga*. Wahamiaji kutoka visiwa vya mashariki waliikuta mifugo kwa watu wa bara hili, wakachukua mnyama na jina lake. Kwa hiyo ile "akuuhu diimi" ya daftari lako ina mnyama aliyepewa jina na Mbantu na hesabu iliyotoka Borneo. Mimi nimefundisha somo la mikopo ya maneno miaka mingi, na mfano mfupi kuliko huo sijauona.

Wasemaji wa lugha hiyo walifika Mayotte kwa mawimbi. Wimbi linaloandikwa sana ni la Andriantsoly, mfalme wa Wasakalava wa Boina, kaskazini-magharibi mwa Madagaska. Alishindwa vita na Wamerina, watu wa nyanda za juu za kati ya Madagaska, akavuka na watu wake mpaka Mayotte mnamo 1832, na tarehe 25 Aprili 1841 akatia saini mkataba wa kukiuza kisiwa kwa Wafaransa. Watu wa Mafia nao wana lao la kusema kuhusu Wasakalava: mji wa Kua, kisiwani Juani, unakumbukwa kuwa ulivamiwa na mitumbwi yao mwanzoni mwa karne ya 19. Alama ya Kibushi imebaki kwenye ramani. *Keli* ni -dogo na *be* ni -kubwa, kwa hiyo kijiji cha bibi yako, Kani-Kéli, ni Kani Ndogo. Jirani yake ipo Kani-Bé.

Sasa tuje kwenye maandishi, maana hili la kwamba Kibushi hakikuwahi kuandikwa limeniuma kidogo.

Kimalagasi kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu zamani sana kabla hakijaandikwa kwa Kilatini. Kusini-mashariki mwa Madagaska, kwa Waantemoro wa bonde la Matitanana, kuna hati zinazoitwa *sorabe*, maana yake "maandishi makubwa". Waandishi wake wanaitwa *katibo*. Unalitambua neno hilo. Ofisini kwako labda yupo katibu. Walitengeneza karatasi yao wenyewe kwa magamba ya mti uitwao avoha, wakaandika nasaba, dawa, dua na falaki. Mfalme Radama wa Kwanza wa Wamerina alikuwa akitumia herufi hizo hizo kabla ya kufika kwa wamisionari kutoka Wales. Baadaye, mwaka 1823, aliamua Kimalagasi cha dola yake kiandikwe kwa Kilatini, na Biblia nzima ikachapwa 1835.

Mayotte haikufuata njia hiyo. Huko mtoto, awe wa nyumba ya Shimaore au ya Kibushi, alianzia shioni, mbele ya *fundi*, maana huko mwalimu wa Kurani ndiye anayeitwa fundi. Alijifunza alifu, be, te. Alipotaka kumwandikia ndugu barua au kuweka kumbukumbu ya deni, alitumia kalamu aliyokuwa nayo. Babu yangu mimi alifanya hivyo hivyo kwa Kiswahili. Orodha ya mahari ya shangazi zangu wote iko kwenye kitabu cha mkopo wa duka, kwa herufi za Kiarabu, na hakuna aliyeiita azima.

Basi kwa nini sheikh alisoma bila kuelewa, na kwa nini ikasikika kama Kiarabu kilichovutwa? Hebu tuuandike mstari wake mmoja ulivyo, au ninavyokisia ulivyo:

فَارِ تِيلُ

Kiarabu kina alama tatu tu za irabu fupi: fat-ha ya *a*, kasra ya *i*, dhumma ya *u*. Kiswahili kina irabu tano, ndiyo maana katika hati zetu za kale *e* na *i* huvaa kasra moja, na *o* na *u* hugombania dhumma moja. Kimalagasi kina unafuu kidogo, kwa sababu irabu zake za msingi ni nne: *a, e, i, u*. Anayeumia zaidi ni *e*. Bibi alitaka kuandika *telu*, hakuwa na alama ya *e*, akaweka kasra, na sheikh akasoma "tilu". Alisoma sawasawa. Kilichoandikwa ni "tilu".

Kule kuvuta nako kuna sababu yake. Waandishi wa pwani walizoea kutia alifu, ye au wau kwenye silabi inayotiliwa mkazo, ile ya pili kutoka mwisho. Wao walionyesha mkazo. Msomaji aliyefunzwa tajwidi, kanuni za kuisoma Kurani, anaona madda, alama ya kuvuta, na madda lazima ivutwe. Ndiyo ikawa faari, tiilu, diimi. Ondoa huko kuvuta, maneno yatakaa.

Halafu ile "faari". Kiarabu hakina *v*. Wapo waliotia nukta tatu juu ya fe ili iwe *v*, lakini wengi, kwetu na kwao, waliandika ف ile ile kwa *f* na *v* wakamwachia msomaji kazi. Tazama mstari wako wa tatu: "faari fiitu". Fe ya kwanza ni *v*, *vari*. Fe ya pili ni *f* kweli, *fitu*. Herufi moja, sauti mbili, katika maneno mawili yaliyokaa bega kwa bega! Mwenye lugha haoni tatizo lolote hapo. Asiye na lugha hana pa kushika.

Na haitoshi kujua kwamba fe inaweza kuwa *v*. Kimalagasi kina *vary*, mchele, na kina pia *fary*, muwa. Kwa mwandiko huu vyote viwili vinaandikwa فَارِ. Nimechagua mchele kwa sababu umekaa na kuku, na sijasikia mtu akachangia harusi ya jirani kwa miwa saba, ingawa kama ulikuwa mchango wa watoto ningeshindwa kesi hiyo. Kiswahili chetu kina matatizo yale yale: ukikuta بَابَ kwenye barua ya zamani, inaweza kuwa baba, inaweza kuwa papa, inaweza kuwa pamba, maana be ilibeba *b*, *p* na *mb*. Aliyeandikiwa alijua.

Kwa hiyo sheikh wako ana herufi, hana lugha. Mdogo wake bibi ana lugha, hana herufi. Wewe una simu. Mkalishe sheikh na daftari, mpigie bibi mdogo, weka sauti kubwa, sheikh asome polepole neno moja moja. Mwambie bibi mapema kwamba maneno yatamfikia yamekunjwa: anaposikia *i* ajaribu na *e*, *u* ajaribu na *o*, *f* ajaribu na *v*, *b* ajaribu na *p* au *mb*. Yeye hatajaribu kwa kanuni, atalirudia neno mdomoni mara mbili tatu, na ghafla utasikia "aaa!" Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo kwa barua za Kiswahili, na hiyo "aaa" haichelewi. Rekodi kikao chote, pamoja na makosa na vicheko. Ukitaka kuhakiki baadaye, mtaalamu Noël Gueunier alikusanya msamiati na hadithi za Kibushi cha Mayotte miaka ya 1980 na 1990, na kazi zake ziko kwenye maktaba za vyuo.

Ila uliza ruhusa kwanza. Daftari la michango ni daftari la siri za watu. Waliodaiwa wana watoto, na watoto hao huenda bado ni majirani wa bibi mdogo. Usipige picha ukurasa ukaubandika kwenye kundi la familia kabla hajakwambia yaliyomo.

Ikitokea kurasa nyingine zina michoro ya vyumba-vyumba na majina ya nyota, bado hakuna cha kuchoma. Hiyo ni falaki, elimu iliyotembea bahari nzima hii. Hamali, Saratani na Asadi za falaki yetu, Wamalagasi wanazo kama Alahamady, Asorotany na Alahasaty, na wamezifanya majina ya miezi. Unaweza usiziamini, na hiyo ni haki yako, lakini ni kumbukumbu kama kumbukumbu nyingine.

Sasa watoto wako na herufi za kuwafundishia. Hapa nitakupa maoni yangu, na wapo wataalamu watakaonipinga.

Mwandiko wa binamu, wa Kifaransa, nisingeutumia. Unatosha kwa ujumbe wa simu, lakini unamlazimisha mtoto ajue Kifaransa kwanza ndipo asome lugha ya bibi yake. *U* inakuwa *ou*, *w* inakuwa *ou* pia, *k* mara inakuwa *c*. Ndiyo maana kwenye ramani unaona Mamoudzou, Bouéni, Acoua, Ouangani. Na ndiyo maana mgeni anayeshuka Mayotte hukaribishwa na mabango yaliyoandikwa "Caribou". Ni karibu yetu hii hii, lakini kwa Kifaransa hilo ni jina la mnyama wa nchi za barafu, na watu huko wamelifanyia utani mpaka umechakaa.

Mwandiko wa Kimalagasi sanifu una faida moja kubwa: una vitabu, magazeti, kamusi, Biblia na mamilioni ya wasomaji. Lakini *o* yake husomwa *u*, na *i* ya mwisho wa neno huandikwa *y*, na mtoto aliyefunzwa kusoma kwa Kiswahili atakosea kila mstari. Tena Kibushi si Kimalagasi cha Antananarivo. Kina sauti ambazo sanifu haina, mfano ile *ng'* ya ng'ombe.

Herufi za Kiarabu, kama alivyofanya bibi, zina heshima yake, na kama wanao wanasoma chuoni tayari wanazo mkononi. Wafundishe waweze kusoma daftari. Lakini kuwaanzishia lugha wasiyoijua kwa mwandiko unaotaka uijue lugha kwanza ndipo usome, hapo utawachosha bure.

Ningechukua Kilatini cha Mayotte chenyewe. Machi 2020 Baraza la Mkoa la Mayotte, pamoja na chama cha SHIME kinachoshughulikia lugha za kisiwa hicho, lilitangaza miandiko rasmi ya Shimaore na Kibushi. Ipo miwili, wa Kilatini na wa Kiarabu, na binamu yako anaweza kukuombea majedwali yake. Wa Kilatini utamkaa mtoto wa Kiswahili kama nguo ya kushonewa: *u* ni *u*, *i* ni *i*, *vari* ni *vari*, *telu* ni *telu*. Vigeni ni vichache. Kuna *n̈*, *n* yenye nukta mbili kichwani, ambayo ni ile *ng'* yetu. Utaiona pia kwenye jina la mji wa Antsiran̈ana. Kuna *ɓ* na *ɗ* zenye kulabu, za sauti inayotamkwa kwa kuvuta pumzi ndani kidogo. Usiogope hizo. Sema "baba", sema "dada", kama asemavyo mtu wa pwani, umeshazitamka. Sisi hatukuona haja ya kuziwekea alama. Wao wana maneno ya kuazima yenye *b* na *d* za kawaida, wakaona bora wazitenganishe.

Kwenye simu, *ɓ* na *ɗ* utazipata ukiweka kibodi ya Kihausa, maana Wahausa wanazo. Ile *n̈* ni msumbufu, haina herufi moja iliyo tayari, inaundwa kwa *n* na alama ya juu, na simu nyingine huitawanya. Wengi wa upande wa Madagaska huandika *ñ* badala yake, ambayo unaipata kwa kubonyeza *n* kwa muda. Tumia hiyo, hakuna atakayekulaumu.

Nisikudanganye kuhusu mafanikio, lakini. Wanao hawatakuwa wasemaji wa Kibushi wakiwa Tanga kwa daftari na alfabeti. Hata Mayotte kwenyewe kina kazi ngumu. Kisiwa kimekuwa mkoa kamili wa Ufaransa tangu 2011, shule ni ya Kifaransa, na katiba ya Ufaransa inasema tangu 1992 kwamba lugha ya Jamhuri ni Kifaransa. Nyongeza ya 2008 inazitambua lugha za mikoa kama urithi, na urithi ni neno zuri, ila haliajiri mwalimu. Miongoni mwa lugha mbili za kisiwa, Kibushi ndicho kidogo, na vijana wake wengi wanajua Shimaore wakati wenzao hawajui Kibushi. Unachoweza kuwapa wanao ni salamu, hesabu ya moja hadi kumi, majina ya vyakula, wimbo mmoja wa kubembelezea kama bibi mdogo anaukumbuka. Si haba. Sauti yake ikiwafundisha itashika kuliko jedwali lolote la herufi, kwa hiyo rekodi kwanza, andika baadaye.

Kuna mambo ya kumwona mtu ana kwa ana. Ikiwa karatasi inavunjika ukiikunjua, wino umetoboa ukurasa, au kuna ukungu, usiifungue tena wewe mwenyewe. Usitie gundi ya utepe, usipeleke kwa mtu wa laminesheni, nimeona hati nzuri sana zikifia humo. Piga picha zile kurasa zinazofunguka kwa hiari, mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, kisha lipeleke Nyaraka za Taifa Zanzibar; wamezoea hati za herufi za Kiarabu na watakushauri kuhusu hifadhi bila kukunyang'anya mali yako. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina mkusanyiko mkubwa wa miswada ya Kiswahili ya namna hiyo. Kwa lugha yenyewe, Mamoudzou kuna Nyaraka za Mkoa, na ukiwa tayari kuwatumia nakala za picha nadhani watafurahi. Kimbunga Chido kilipopiga Mayotte tarehe 14 Desemba 2024 kiling'oa mapaa ya nyumba kisiwa kizima, na madaftari kama lako yalikuwa chini ya mapaa hayo. Lako lilikuwa Tanga.

Usingoje upate wakati mzuri. Bibi mdogo ni mtu mzima. Sheikh akiwa na nafasi Ijumaa hii baada ya swala, anza na ukurasa ule ule ulioninukulia, na swali la kwanza liwe jepesi: yule aliyeandikiwa mchele saba ni nani, na je, alilipa?